Mtangazaji, Wewe Pia Una Mizani
(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana wa jumuiya baada ya futari)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu yangu, dada yangu, leo sisemi na wenye maduka. Nasema na wewe unayependa kushika maikrofoni.

Kila Ramadhan redio zetu hujaa vipindi vya dini na biashara. Mgeni huletwa studio, na mara nyingine ndiye huyo huyo anayedhamini kipindi. Mimi mwenyewe, likizo moja ya chuo, nilijitolea katika redio fulani. Nikamhoji tajiri mmoja juu ya uaminifu. "Mzee wetu, siri ya baraka ni nini?" Akajibu vizuri, tukasema mashaallah. Mara ikaingia simu ya kijana: "Mimi hubeba magunia ghalani kwake. Mshahara wa miezi miwili bado." Wallahi nilishtuka. Nikateremsha sauti yake, nikasema, "Naona laini imekatika." Laini haikukatika. Niliikata mimi, na saumu ninayo.

Usiku ule nikakumbuka madrasa. Surat Al-Mutaffifin, sura ya 83, inawaonya wanaotaka kujaziwa wakipokea, lakini wakiwapimia wenzao hupunja. Siku zote nilidhani ni ya wenye duka. Kumbe hata mimi nina mizani, nayo ni dakika. Mgeni nilimpimia kibaba kikafurika; yule kijana hata nusu sikumpa.

Sasa tuulize vipi? Katika hadithi ya Abu Hurayra aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula kinachouzwa. Akatia mkono ndani, vidole vikapata unyevu. Akamuuliza mwenyewe kuna nini. Akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakione, akakemea udanganyifu. Tazama: aliuliza kwanza, akasikiza jibu. Lakini mkono aliutia.

Basi ukihoji, usiishie pale pakavu. Muulize: bidhaa ikiwa na kasoro, unamwambia mteja kabla hajalipa? Deni unaliandika, kama inavyoamrisha Al-Baqara aya ya 282? Vibarua wako unawalipa lini? Na simu ya malalamiko ikiingia, usiifanye hukumu. Al-Hujurat aya ya 6 yatutaka tuhakikishe habari. Mpe mgeni nafasi ajibu. Bas.

Utaniambia, mdhamini akienda zake je? Huenda akaenda kweli. Lakini haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Ni lazima umrudie mwenyewe. Na mimi yule kijana nambari yake sikuiandika. Ndugu yangu, ukiwa wasoma hapa, nisamehe.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.