TULIYOYAONA BANDARI YA MTWARA
(Maneno ya Ndugu Katibu kwenye mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa faida ya wasiofika.)

Mlitutuma watu wanne, mkatupa nauli ya mfuko wa chama, twende Mtwara tukaone korosho zetu zinatokea wapi kwenda ng'ambo. Nauli ile ni jasho lenu, kwa hiyo leo nasema yote, matamu na machungu.

Getini tulivishwa kofia ngumu na vizibao vya kung'aa. Mkuu wa bandari alitoka mwenyewe ofisini kutupokea. Tulidhani tutapewa dakika tano, kumbe alitembea nasi gatini asubuhi nzima, kwa miguu.

Alianza na gati la zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na Nachingwea ilikuwamo. Wakaanza kujenga reli na bandari ya kupitishia mavuno. Mpango ukafa mwaka 1951. Gati likafunguliwa 1954. Yaani mlango unafunguliwa, mwenye mzigo hayupo! Na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Mkuu akatuambia: "Wazee wangu, maji ya kina tunayo tangu Mungu aumbe. Lakini meli haifuati maji, inafuata mzigo."

Siku hizi mzigo upo. Kuna gati jipya la meta 300, na hapo hupita makaa ya mawe ya Ruvuma, saruji, na korosho zetu ziendazo India na Vietnam.

Sasa nasema lile chungu. Mnakumbuka msimu uliopita magunia yetu 6 yalirudishwa kutoka ghala kuu, kilo 480 nzima. Tulipiga kelele hapa kwamba tumeonewa. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote.

Nilimweleza mkuu habari ile, nikitegemea atanipa pole. Hakunipa. Alinipeleka kwenye kontena tupu, akanambia weka mkono kwenye bati. Lilikuwa la moto kama kikaango. Akasema: mchana chuma hiki huchemka, usiku baharini hupoa. Korosho mbichi zikiwamo, unyevu hupanda, hugonga paa, hudondoka tena kama umande. Wiki kadhaa safarini, gunia moja la maji huotesha ukungu majirani zake. Mnunuzi akifungua kule, hasemi gunia la fulani ni bovu. Husema korosho za Mtwara ni mbovu, na mwakani bei hushuka kwa wote, hata kwa aliyeanika vizuri.

Ndugu zangu, mficha uchi hazai. Magunia yale niliyapokea mimi mizani. Jua lilikuwa linazama, foleni ndefu, sikuchoma bambo. Niliandika "safi" kwa macho tu. Karani wa ghala hakutuonea. Nilimsingizia, na nimekwisha kwenda kumwomba radhi.

Kwa hiyo naleta mambo matatu myapitishe au myakatae:
1. Korosho zianikwe juani mpaka zikauke sawasawa, juu ya turubai au chanja, si juu ya udongo.
2. Kila gunia lichomwe bambo mbele ya mwenyewe kabla ya kupanda mizani, hata kama ni la Mwenyekiti au la shemeji yangu.
3. Jua likizama, mizani ifungwe. Aliyebaki atapimiwa asubuhi, awe wa kwanza.

Na kama mnaona Katibu aliyekosa hafai kushika mizani, semeni leo hapa hapa, msiseme njiani.

Tulipoagana nilimwuliza mkuu kazi yake ngumu ni ipi. Alicheka, akasema: "Kupakia meli si kazi. Kazi ni kuipata meli irudi tena." Basi ndugu, kurudi kwa meli ile kunaanzia kwenye chanja zetu.

Ushirika ni nguvu.