Tangu Nilipomaliza Kidato cha Nne
Hotuba ya mwanakwaya wa sauti ya pili katika sherehe ya yubile ya miaka 40 ya kwaya



 Kamati imeniomba niseme kidogo kuhusu maisha yangu tangu nilipotoka shule, nami nimepewa dakika saba. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo kuna mtu anishikie saa.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka wa 1987. Darasa letu ndilo lililokuwa la mwisho kufanya KCE; waliotufuata walikuwa wa 8-4-4, wakafanya KCSE ya kwanza 1989. Hawa watoto wetu wa CBC walio sauti ya kwanza hawajui hata ninazungumza habari gani. Nilijiunga na kwaya Januari 1988, sina kazi, sina karo ya kuendelea. Kinanda hakikuwapo. Mwalimu wa kwaya aliandika do-re-mi ubaoni, nasi tukanakili kwenye madaftari.

Nilifundisha kwanza bila mafunzo, kisha nikaenda chuo cha ualimu na kutoka na cheti cha P1 mwaka wa 1992. Mwaka wa 1994 nikaolewa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, mara nyingine hadi Kampala. Aliyeolewa na dereva anajua: humwambii mtu atafika lini, na akifika amechoka. Watoto watatu nimewalea karibu peke yangu. Nasema karibu, kwa sababu Jumamosi nilikuja nao mazoezini wakalala kwenye mabenchi nyuma ya besi. Kifungua mimba wangu hadi leo akisikia sauti nzito hupiga miayo.

Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Nchini kote watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni, na darasani kwangu wakatoka 48 wakawa 112. Nilifika mazoezini sauti imekauka. Wenzangu wa sauti ya pili waliniambia, "Wewe fungua mdomo tu, sisi tutaimba."

Mume wangu alifariki mwaka wa 2009. Kwaya iliimba siku ya mazishi, nami nikakaa na familia. Baada ya hapo sikuweza kurudi. Miezi saba. Wanakwaya wanajua kanuni yetu: ukikosa mara nne mfululizo bila ruhusa, jina linafutwa. Siku niliyorudi nilifungua daftari la mahudhurio nikitazamia kuona mstari mwekundu. Kumbe kila Jumamosi, mbele ya jina langu, katibu aliandika R. Ruhusa. Nikamwambia mimi sikuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Akanijibu, "Mama, tulikuombea sisi."

Sijui kama alikusudia maana zote mbili. Sikumwuliza.

Na mnakumbuka Julai 2020, makanisa yalipofunguliwa tena: watu 100 tu, ibada ya saa moja, na mwenye zaidi ya miaka 58 abaki nyumbani. Waimbaji wetu tisa walibaki. Hakuna aliyefutwa. Tulipiga simu tukaiweka juu ya kinanda, wakatusikia hivyo hivyo kwa mikwaruzo.

Sasa nasikia katiba mpya ya kwaya ina kifungu cha kumwondoa anayekosa mara tatu, sababu yake iwe yoyote ile. Naelewa kilikotoka. Wapo wanaokuja Jumapili kuvaa sare tu, na hao tuwaambie wazi. Lakini tazameni daftari la mwaka huu, ni akina nani wanaokosa? Ni msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi, anauza dukani hadi saa mbili usiku. Ni kijana wa bodaboda, na Jumamosi ndiyo siku yake ya pesa. Ni mama mwenye mtoto mchanga. Naomba kamati iongeze sentensi moja: kabla jina halijafutwa, wanakwaya wawili wafike nyumbani kwa mtu huyo wakae naye. Kama hakuna wa kwenda, niandikeni mimi. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, nitakuwa na nafasi.

Watoto wangu wako salama. Mkubwa ni muuguzi, wa pili yuko Qatar kikazi, na kitinda mimba ndiye huyo kwenye kinanda, ambaye ananiashiria kwamba dakika zangu zimekwisha.

Mungu awabariki. Sauti ya pili, tusimame.