Breka ya Beseni la Maji Moto Inapojizima

Breka inayolinda beseni la maji moto nyumbani hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Nchini Marekani, tofauti ya takriban miliampea 5 tu huifanya ikate.

Mshukiwa wa kwanza huwa hita: ganda la elementi likitoboka kwa kutu, maji huingia na umeme huvuja. Fundi huzima umeme, huchomoa nyaya za hita, kisha huwasha tena. Breka ikitulia, mwizi amepatikana. Isipotulia, hugeukia pampu na viungo vilivyolowa. Kwenye beseni jipya, mara nyingi kosa ni waya wa nyutro uliofungwa pasipo pake. Breka yenyewe nayo huchakaa. Kitufe cha kujaribia kikibonyezwa isikate, ibadilishwe. Kuweka breka ya kawaida badala yake ni kuhatarisha maisha ya waogaji.