Nikatie Nne za Mgongo

Msikilizaji, simama nje ya duka la dawa la mtaani kwenu saa moja jioni, watu wanaporudi kutoka vibaruani. "Nikatie nne za mgongo." "Nichanganyie za mwili kuuma, kama zile za jana." Hakuna anayeuliza mgongo umeanza kuuma lini. Mkasi unapita, vidonge vinaingia kwenye kibahasha, juu inaandikwa 1 x 3, na mteja anayefuata ameshanyoosha noti.

Huo mkasi nao una lake. Jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi aghalabu huchapwa pembeni mwa pakiti, na anayekatiwa vinne anaweza kuondoka na upande usio na neno. Mwambie muuzaji akukatie wenye jina, au aliandike kwenye kibahasha. Maana kama ulivyokatiwa ni parasetamoli, ukifika nyumbani ukaongeza dawa ya mafua, nyingi ya hizo zina parasetamoli ndani, utakuwa umeimeza mara mbili bila kujua. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ukizidisha, linaloumia ni ini, na ini huumia kimyakimya.

Zinazonikosesha raha zaidi ni hizi za mgongo na viungo: diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao. Zinafanya kazi kweli, na hapo ndipo taabu ilipo. Zinauzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, lakini kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazokinga ukuta wa tumbo usiliwe na asidi, na ndizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Umeanguka na baiskeli, ukameza siku tatu, mwili wenye afya kwa kawaida huvumilia. Kumeza kila jioni mwaka mzima, tumbo tupu, ukishushia na soda, ni habari nyingine. Wapo waliotapika damu kabla hata ya kusikia kiungulia. Na mwenye presha anashangaa mbona haishuki ilhali vidonge vyake anameza; hajui kuwa dawa ya mgongo inaweza kuipandisha.

Hiyo diklofenaki ina historia. Miaka ya 1990 tumbusi walianza kupukutika India na nchi jirani, wakafa kwa mamilioni. Mwaka 2004 watafiti wakaeleza kisa: ng'ombe walikuwa wanatibiwa kwa diklofenaki, wakifa tumbusi wanakula mzoga, figo zao zinakufa. Ndege anayekula kilichooza na asipate hata kuhara! Mwaka 2006 India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Haya, mimi na wewe si tumbusi, miili yetu inaistahimili kuliko wao, sitaki kumtisha mtu bure. Ila ukishajua kisa hicho, huwezi tena kuiita peremende.

Simlaumu mama anayefua nguo za watu tangu alfajiri, wala kijana anayebeba viroba vya saruji. Asipoamka kesho, hakuna ugali. Ninayemlaumu ni muuzaji anayemwona mteja yuleyule, kwa dawa ileile, wiki baada ya wiki, na hafungui mdomo kumwambia nenda ukapime figo. Kipimo cha damu cha figo si jambo la ajabu siku hizi.

Na wewe wa kichwa, usidhani umesalimika. Anayemeza dawa za kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, anaweza kufika mahali dawa yenyewe ndiyo inayoleta maumivu. Kwa zile za mchanganyiko, zenye kafeini ndani, hata siku 10 zinatosha. Kichwa kinauma, anameza. Dawa inaisha nguvu, kinauma tena, anameza. Tiba yake ni kuziacha, na siku za mwanzo kichwa kitauma kuliko kawaida. Ndipo wengi wanaporudi dukani mbio. Kwa hiyo usiziache peke yako nyumbani, nenda kwa daktari. Akikuuliza unameza vingapi kwa siku, mtajie idadi kamili, usimpunguzie kama unavyompunguzia mkeo idadi ya bia.