Hotuba ya Mwenyekiti: Safari Yetu ya Kwenda Kuona Kasri la Unguja



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha hapa tukiwa wazima. Wapo wenzetu wawili tulioanza nao ambao leo hawapo. Naomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Ndugu zangu, habari za miaka kumi ya kuweka na kukopa zimo katika taarifa ya katibu na ya mweka hazina, na mimi sitazirudia. Kamati imenipa kazi moja tu, nieleze juu ya safari tunayopanga kwenda Unguja kuona kasri la masultani na makumbusho yake. Imenipa mimi kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema mwenyekiti anataka kutembea kwa fedha za watu. Wengine wanasema tumelewa sherehe. Basi leo nasema yote hadharani, na yaandikwe katika kitabu hiki, ili hata mjukuu wangu akija kusoma ajue.

Nianze na la aibu. Wanachama wa zamani mnakumbuka mwaka wetu wa tatu. Tulichanga nauli ya safari kama hii. Akaja mtu mmoja aliyejiita wakala, ana maneno matamu na karatasi zenye mihuri, akasema tiketi atakata yeye, na mahali pa kulala atatafuta yeye. Mimi ndiye niliyemkabidhi fedha. Nilimkabidhi mkononi, bila stakabadhi na bila shahidi. Siku ya safari tulikaa kituoni na vikapu vyetu tangu alfajiri mpaka jua la saa nne, na watoto wa mtaani wakituchungulia. Mtu yule hatukumwona tena mpaka leo.

Fedha ile niliilipa mimi. Niliuza mbuzi, na kwa miezi kumi na minne faida yangu ya samaki ilikwenda kwenye sanduku la kikundi. Sisemi haya ili mnionee huruma. Nasema kwa sababu tangu siku ile kila aliyetaja safari alinyamazishwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyamazisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini miaka saba ya kuogopa ung'ongo inatosha.

Sasa, kwa nini Unguja, na kwa nini kasri? Sisi ni watu wa Bagamoyo. Tumezaliwa tunaona majahazi yakienda na kurudi, lakini tulipohesabu katika mkutano, kati ya wanachama 28 waliowahi kufika Unguja ni sita, na aliyewahi kuingia ndani ya kasri hakuna hata mmoja. Neno lenyewe makumbusho wengi wetu tunalijua kwa kuwa ni jina la stendi tunaposhukia tukienda Dar es Salaam! (Mnacheka, lakini ni kweli.)

Niwaeleze kidogo niliyojifunza. Seyyid Said alikuwa mtawala wa Omani, akahamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 kwenda 1840. Ndiye aliyesukuma sana kilimo cha karafuu. Alifariki mwaka 1856. Pale ufukweni, karibu na Forodhani, palikuwa na majumba ya kifalme yaliyopangana. Moja liliitwa Beit el Sahel, maana yake nyumba ya pwani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba hayo, kwa sababu Seyyid Khalid alikalia kiti bila wao kukubali. Vita ile haikufika hata saa moja, na watu mamia walikufa. Jumba tutakaloliona leo ni lile lililojengwa upya baada ya hapo.

Masultani wakakaa humo mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Baada ya hapo likageuzwa kuwa la wananchi, likawa na ofisi za serikali, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Ndani mna samani zao, picha zao, na habari za mikataba ya biashara waliyotiliana na mataifa ya nje. Nje, uani, yapo makaburi ya kifalme, na Seyyid Said mwenyewe amelala hapo.

Jirani yake ndiyo Beit el Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Wengi mmeniuliza habari zake. Ndugu zangu, jumba lile sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi mwaka 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili walipoteza maisha. Kwa hiyo tusiende na tamaa ya kuingia humo. Tunalolikusudia ni kasri.

Nilipoeleza haya kwenye mkutano wa mwezi uliopita, alisimama mama mmoja, mkubwa kwangu kwa umri. Mnamfahamu, sitamtaja. Bibi wa bibi yake aliletwa Bagamoyo kutoka bara akiwa mtoto, katika mnyororo. Akakombolewa na kulelewa pale Misheni, katika kijiji walichowekwa watumwa waliokombolewa baada ya mapadre kufika mwaka 1868. Mama huyu akasema, "Mwenyekiti, unataka nitoe fedha yangu ya maandazi nikatazame kitanda cha aliyetajirika kwa watu wangu?"

Mkutano ukanyamaza. Mimi nami nilikosa jibu. Nilifunga kikao, nikaenda nyumbani, usiku sikulala vizuri.

Nimefikiri, na jibu langu ni hili. Mama yetu amesema kweli. Pembe zile zilishuka kutoka bara mabegani mwa wapagazi, zikapita hapa hapa kwetu. Karafuu zile zilichumwa na watumwa. Fedha ya kasri ilitoka huko. Lakini tukikaa nyumbani, kasri litaendelea kutazamwa na wageni kutoka Ulaya, wataambiwa huyu ni sultani fulani na kile ni kiti chake, na hapatakuwa na mtu wa kusema nani aliyekilipia. Sisi ndio wenye kulijua upande wa pili. Mwenye mali huenda kuangalia mali yake, hata kama ilichukuliwa kwa dhuluma.

Kwa hiyo kamati imebadili ratiba. Tukishuka bandarini hatutakwenda kasri kwanza. Tutaanza Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Seyyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na juu yake likajengwa kanisa. Tutasimama hapo kimya, kila mmoja na dua yake. Kisha tutatembea kwa miguu mpaka kasri. Anayekwenda kwa njia hiyo, akifika kwenye samani za mfalme ataziangalia kwa jicho jingine.

Lipo na jambo la pili lililonivuta, na hili ni la kwetu sisi wanawake. Ndani ya makumbusho kuna chumba kilichotengwa kwa ajili ya Bibi Salme, binti wa Seyyid Said. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, na mama yake alikuwa suria, mtumwa aliyenunuliwa kutoka mbali. Enzi hizo mabinti wa kifalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifundisha kwa siri. Aliiga herufi moja moja kutoka msahafuni, na ubao wake ulikuwa mfupa wa bega la ngamia. Alipokuwa msichana, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid mwaka 1859, ni Salme aliyeandika barua zao. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kikachapishwa huko Ujerumani.

Simsifu kwa kila kitu. Alikulia katika nyumba yenye watumwa, na katika kitabu chake utumwa hakuukemea kama ambavyo sisi tungetaka. Lakini ule mfupa wa ngamia siwezi kuusahau. Mimi nimeishia darasa la saba. Mama yangu alitia dole gumba maisha yake yote, na shamba la minazi lilitutoka kwa dole gumba hilo hilo, maana hakujua alichotilia. Katika kikundi hiki, siku ya kwanza, kumi na mmoja kati yetu hatukuweza kuandika jina. Leo kila mwanachama anaandika hisa zake mwenyewe katika daftari lake. Hakuna anayeandikiwa. Hiyo kwangu ni sherehe kubwa kuliko keki. Nataka tuingie katika chumba kile, na kitabu cha wageni kikiwepo, kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake.

Sasa niseme juu ya mpango wenyewe, ili fitina iishe.

Kwanza, fedha. Hisa, mikopo na mfuko wa jamii havitaguswa hata senti moja. Tumefungua mfuko wa safari peke yake, una daftari lake na kisanduku chake. Kila mwanachama anaweka shilingi 4,000 kwa wiki, kwa wiki 40. Ni shilingi 160,000 kwa kila mtu, na kwa watu 28 ni shilingi 4,480,000. Asiyeweza au asiyependa halazimishwi, na hatasemwa.

Pili, hakuna wakala. Wanachama watatu wakiwa pamoja watakwenda ofisini bandarini kukata tiketi, na watarudi na stakabadhi. Mwenyekiti hatakuwamo kati ya hao watatu. Hili nimeliomba mwenyewe.

Tatu, majumba ya zamani hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo. Kabla ya kupanga tarehe, na tena wiki moja kabla ya kuondoka, katibu atapiga simu kuuliza kama kasri liko wazi, kiingilio cha wananchi ni kiasi gani, na kama tutapata wa kutuongoza kwa Kiswahili.

Nne, tutalala usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya bei nafuu, ili wazee wasikimbizwe. Kila mtu achukue kitambulisho chake, dawa zake kama ana maradhi, na nguo za heshima. Na kwa wale wanaotapika baharini, asubuhi ile mle kidogo tu!

Tano, tukirudi, kila mmoja atasimulia jambo moja mbele ya watoto wa shule yetu ya msingi. Mwalimu mkuu ameshakubali.

Rafiki yetu mmoja, mfadhili, aliniuliza kwa nema kabisa: "Mama, kwa nini fedha hiyo msinunue mashine ya kusaga?" Ndugu, mashine tutainunua, imo katika mpango wa mwaka wa kumi na mbili. Lakini tumekopeshana miaka kumi kwa ajili ya ada, bati, hospitali na misiba. Mara moja tunataka tutumie kwa ajili ya kuona na kujua. Mwanamke naye ana macho.

Namalizia na habari ya yule mama yetu. Wiki iliyopita alikuja kwenye kikao, akafungua fundo la khanga, akaweka 4,000 yake ya kwanza, akaandika mwenyewe. Akaniambia, "Nitakwenda. Mkunazini nitaingia. Kasri sijui. Labda nitakaa nje, nitazame bahari, mpaka mshuke." Nikamwambia ni sawa, na mmoja wetu atakaa naye. Wote mnajua ni nani atakayekaa naye. Mimi nitaingia siku nyingine.

Haba na haba hujaza kibaba. Wanawake oyee! Kikundi oyee!