MAFUTA KABLA YA SAFARI
Jumapili ya 32 ya Mwaka A (Mathayo 25:1-13)



Injili ya leo yatuonyesha wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, wote walisinzia, na wote waliamshwa usiku wa manane na sauti ile ile. Walitofautiana katika jambo moja dogo: watano walikuwa na mafuta ya akiba, na watano hawakuwa nayo.

Sisi tuliokaa Malinyi tulifundishwa Injili hii na jeki ya gari. Ulikuwa wakati wa masika, kabla daraja la mto Kilombero halijazinduliwa mwaka 2018. Tulikuwa tukimpeleka Ifakara mama aliyeshikwa na uchungu tangu siku iliyotangulia, nasi tulitaka kuwahi kivuko kabla ya giza. Tulipopita Itete, tairi la nyuma likapata pancha. Tairi la akiba lilikuwapo, spana ilikuwapo, na jeki nayo ilikuwapo chini ya kiti. Lakini jeki ile ilikuwa imelala humo na tope lake tangu masika ya mwaka uliopita. Nguzo yake ilishika kutu, na kutu ikaikata sili. Tulipoipampu, mafuta yalivuja ardhini, na gari halikupanda hata kidole kimoja.

Wanakijiji walikuja na magogo, wakaliinua gari kwa mabega yao. Mungu awabariki. Lakini saa tatu zilikuwa zimekwisha kupita, na tulipofika mtoni kivuko kilikuwa kimefungwa. Mama yule alipona. Mtoto wake hakupona. Hakuna aliyetuambia kwamba jeki ndiyo sababu, wala sisi hatuwezi kuapa hivyo. Twajua tu kwamba saa tatu zile ni deni letu, kwa kuwa kazi tuliyoiacha ilikuwa ya robo saa.

Baadaye fundi mmoja alitufundisha. Kwanza, ondoa tope lote kwa brashi, kisha kausha kwa kitambaa. Anayepaka mafuta juu ya mchanga anakisaga chuma chake mwenyewe. Pili, nguzo ya jeki ya mafuta ifutwe, iachiwe utando mwembamba tu wa mafuta mepesi. Grisi nzito hukamata vumbi, na vumbi hula sili. Mahali pa grisi ni kwenye jeki ya kuzungusha, penye meno yake. Tatu, ishushe nguzo mpaka chini kabla ya kuihifadhi, isipate unyevu. Nne, ijaribu nyumbani, siku ambayo huihitaji.

Ndugu zangu, je, roho zetu hazina utaratibu huo huo? Wengi wetu twapaka sala juu ya chuki tusiyotaka kuiungama. Tuanze na Kitubio. Wengine twapenda ibada nzito za kuonekana na watu, nazo hukusanya vumbi la majivuno. Tena twangoja msiba ndipo tujaribu kupiga magoti, na magoti yamekwisha kushika kutu. Katekista anayesali jioni ya kawaida, asipoombwa na mtu, ndiye anayejaribu jeki yake nyumbani.

Huenda mtu akauliza: mbona wanawali wenye busara hawakuwagawia wenzao? Je, huo si uchoyo? Usiku ule wa Itete ulitujibu. Majirani walitupa mabega yao yote, bila kubakiza kitu. Lakini hawakuweza kuturudishia saa tatu. Kuna vitu ambavyo upendo wa jirani hauwezi kuviazima, si kwa sababu hataki kutoa, bali kwa sababu havitoleki. Matayarisho ni kimojawapo.

Leo daraja lenye urefu wa mita 384 lipo, na mto hauhitaji tena kivuko. Twamshukuru Mungu. Hata hivyo, daraja haliinui gari lenye pancha. Kwa hiyo juma hili kila mmoja wetu atafute kilicholala na tope chini ya kiti chake: ugomvi na ndugu, ahadi kwa mgonjwa, sala iliyosahauliwa. Akisafishe kabla sauti ya usiku wa manane haijasikika.

Bwana atujalie kukesha, na atukute tayari. Amina.