Hesabu Iko Kwenye Meseji ya Mama



Nianze na swali. Mama akitaka kutuma pesa kwa M-Pesa, nyumbani kwenu anamwita nani? Wengi wetu tunajua: anaitwa yule mdogo wa gredi ya nne. Anaandika namba, anahakikisha jina, mama anaweka namba yake ya siri, kisha mtoto anamsomea salio. Kesho yake darasani mtoto huyo huyo anaulizwa hesabu ya maembe, akikosea anaambiwa hesabu haziwezi!

M-Pesa ilianza 2007. Watoto hawa wamezaliwa wakaikuta. Na mtaala wetu wa CBC unataja ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa msingi. Tatizo ni kwamba tukisikia "dijitali" tunafikiria vifaa tu. 2013 tuliahidiwa laptopu, 2016 zikaanza kuja tableti. Lakini tableti iliyofungiwa kabatini haimfundishi mtu.

Mwalimu anaweza kuanza na chaki. Aandike ubaoni meseji ya M-Pesa yenye jina na namba za kubuni. Watoto watafute ada ya kutuma na salio. Kisha aandike ile ya matapeli, "nimekutumia kimakosa, nirudishie", awaulize: tutajuaje kama ni kweli? Hapo watajifunza kuangalia salio lenyewe kwanza, wasiamini meseji tu. Somo hilo litaokoa pesa ya nyumbani jioni hiyo hiyo. Kwa insha, wanaoweza wamrekodi nyanya kwa simu akisimulia mtaa ulivyokuwa zamani, kisha darasa lisikilize na kuandika.

Na asiye na simu kwao? Afanye na wenzake kwa kikundi, asiachwe. Tuliona 2020 shule zilipofungwa kwa corona: masomo yakahamia redio, runinga na intaneti, na asiyekuwa navyo akabaki nyuma. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto. Hakikusema mwenye bando.

Vijana, nyinyi mnaijua simu na mnaujua mtaa. Mkutano wa wazazi ukiitwa, msimwachie mama peke yake. Ingieni, mzungumze na mwalimu kwa heshima, mjitolee kumsaidia hata saa moja kwa wiki.